Kwa Penseli

Samaki mkunje angali mbichi, walituusia.
Hawakusema huyo mbichi anapatikana wapi,
na kwa bei gani, hapa Bowling Green, Kentaki,
mwezi wa tatu, theluji ikiwa imegoma kuhama.

Chumba cha chini ya nyumba, tangi limekwisha kukaa:
lita elfu moja, zamani lilibeba sabuni ya kuoshea magari.
Nimelisuuza mara tisa. Kizito bado ananusa.
Juu yake sanduku la kokoto, pampu inayokoroma,
na miche ya sukuma inayosubiri
mbolea yake ije ikiogelea.

Nikapiga simu Florida.
Perege, akasema mtu, dola mbili na nusu kila mmoja,
urefu wa kidole gumba. Nikafurahi.
Kisha akataja nauli:
dola sabini na tano, kwa ndege, wafike kesho yake.
Samaki apande ndege!
Mimi niliyekuja hapa kwa tiketi ya mkopo,
nikailipa miaka mitatu, mwezi kwa mwezi.
Nikamshukuru kwa adabu. Nikakata.

Na kwanza maji yenyewe yalikuwa hayajasoma.
Dukani wanauza vijisamaki vya dhahabu,
senti thelathini na tisa, chakula cha kasa.
Nikanunua saba viyafundishe maji kazi.
Vinne vikafa darasani.
Sifa alikuwa amevipa majina, kayaandika kwenye friji;
akayakata moja moja kwa kalamu nyekundu.
Wiki ya sita kipimo cha amonia kikageuka manjano:
maji yamehitimu.

Ni Lurlene, jirani, aliyeninong'oneza juu ya uzio
kama mtu anayetoa siri ya kanisa:
lori huja.
Alhamisi, saa nne na robo asubuhi,
mbele ya duka la chakula cha mifugo.
Hukaa dakika arobaini na tano, halirudi hadi vuli.
Vifaranga vya kambare, senti hamsini.
Ila hawauzi chini ya mia.

Mia! Tangi langu linabeba thelathini.
Ukizidisha, unafuga jeneza.
Nikamwendea Ofelia, tunayekata naye kuku zamu ya usiku:
ana mapipa mawili nyuma ya karakana. Thelathini.
Lurlene ana bwawa alilochimba marehemu mumewe.
Arobaini, akasema, wa mwaka jana
korongo alikula mpaka akashindwa kuruka.

Alhamisi tukatoka kazini na viatu vyenye klorini,
tukapanga foleni na wanaume wa kofia na ndoo.
Dereva hahesabu. Anachota kwa wavu, anapima kwa mizani,
anapuliza oksijeni mfukoni, anaufunga kwa mpira;
mfuko unatuna kama shavu la mpiga tarumbeta.
Ndani, moshi wenye macho.

Tukagawana nyuma ya gari la Lurlene,
ndoo tatu, upawa mmoja wa supu.
Mimi nikihesabu kwa Kiswahili, Ofelia kwa Kihispania,
Lurlene kwa midomo tu, bila sauti.
Tulipotelea kwenye sitini na kitu, tukaanza upya.
Mwishowe wakabaki wanne wasio na mwenyewe.
Tukatazamana. Hakuna aliyetaka kuonekana mroho.
Una mtoto, akasema Ofelia,
akawamimina kwangu.

Sasa nimepiga magoti kando ya tangi,
naongeza maji yake ndooni, kikombe kwa kikombe,
ili wageni wazoee baridi ya hapa polepole,
jinsi ambavyo sisi hakuna aliyetuzoesha.
Kizito ameketi ngazini. Anasema harufu imepungua.
Anasema uongo, lakini leo naukubali.

Thelathini na nne, basi. Tangi litavumilia.
Huko juu nasikia friji ikifunguliwa na kufungwa:
Sifa anaandika majina mapya,
manne tu kwanza,
kwa penseli.