Springi ya Kushoto, Mbele

Ijumaa usiku, pale Bombambili, gari likalia
ngo! kama mtu anayetua sufuria kwa hasira.
Sikudhani akasema: hilo si shimo, hilo ni letu.

Asubuhi nikaibonyeza boneti kwa viganja viwili, nikaachia.
Ikacheza mara tatu, mara nne, kama godoro la gesti.
Shokapu nzima huinuka mara moja, ikatulia.
Hii yetu ilikuwa imetokwa mafuta mpaka kwenye breki.

Gerezani nikanunua jozi. Jozi,
maana mguu mmoja mpya na mwingine mkongwe
ni kuchechemea kwa namna nyingine.
Shokapu mpya za boksi, springi za mtumba
ambazo muuzaji alizigonga kwa kucha
kama anayechagua tikiti maji.

Uani kwetu Kivule ni mchanga mtupu,
na jeki haina urafiki na mchanga.
Nikalaza ubao wa mninga uliobaki kwenye kitanda,
nikakaba matairi ya nyuma kwa mawe,
nikalegeza nati za rimu gari likiwa bado chini,
ndipo nikapandisha. Kisha stendi mbili, chuma kwa chuma.
Jirani Mapunda alileta matofali mawili, kwa moyo safi,
tuyaweke chini ya gari.
Nikayapokea. Nikayakalia.

Baba alikuwa fundi, Gerezani hiyo hiyo.
Hakuwa mzembe.
Alikuwa na mteja aliyetaka gari lake saa nane.
Akaibana springi kwa mnyororo, akafungua nati ya kati.
Miaka yote alituambia: jicho langu la kushoto
liko kwenye bati la gereji, nendeni mkalisalimie.
Tulicheka. Mama hakucheka.

Springi ukiiona imekaa kwenye shokapu yake, haina neno.
Hapo ndipo ubaya wake ulipo.
Haitoi moshi, haingurumi,
imebeba uzito wa gari zima na imenyamaza.

Nikafunga vibanio viwili, vinatazamana
kama watu wanaobishana bei.
Mizunguko mitatu huku, mitatu kule.
Uso pembeni. Watoto ndani, hata paka ndani.
Huku. Kule.
Pete zikasogeleana, chuma kikaanza kuguna kidogo.

Simama, akasema Sikudhani,
aliyekuwa anamulika kwa simu.
Hiyo ndoano ina ufa.

Ni mkwaruzo tu, nilitaka kusema.
Ilibaki mizunguko miwili.
Jumatatu Tumpe ana kliniki Muhimbili, alfajiri.
Nikaangalia saa: saa nane kasoro dakika tano.
Nilipojua nimeangalia saa, nikaogopa.

Nikarudisha. Mitatu huku, mitatu kule,
polepole kuliko nilivyobana,
mpaka springi ikalegea kama mkono wa mtoto aliyelala.
Gari likalala usiku ule juu ya stendi,
mguu mmoja hewani.
Wapita njia walituhurumia kwa sauti.

Jumapili nikaazima vibanio vya fundi mmoja wa Kitunda.
Akazuia kitambulisho changu, sawa tu.
Sikudhani alikagua kila ndoano kwa ukucha wa dole gumba.
Tukabana. Nati ya kati ikatoka bila kelele,
kama kifuniko cha chupa ya dawa.
Mpya ikaingia, ncha ya springi kwenye kikao chake barabara.
Upande wa pili tukarudia yote, bila kuruka hata moja.
Boliti za mwisho nilizikaza gari liko chini,
limejibeba lenyewe.

Kibanio kile chenye ufa nilikikata kwa msumeno, vipande viwili,
kisije kikaokotwa na mtu mwenye haraka.

Jioni tukapita Bombambili. Shimo lipo palepale.
Sikudhani alikuwa anahesabu chenji, hakuinua kichwa.

Tuliporudi Mapunda alikuwa amekuja kufuata matofali yake.
Nilikuwa nimeshayazoea.