Kaunta ya Ghislaine

Bei ni ya chaki. Imefutwa mara nne tu
tangu baba yake alipofungua dirisha hili,
Montreal, kona ya upepo.
Viti kumi na kimoja. Cha kumi na mbili kilivunjika
usiku timu iliposhinda, na hadi leo hakuna aliyekiri.

Soseji hapa hazichomwi, hufukizwa,
na mkate nao, hadi uwe laini
kama shavu la mtu aliyetoka kulia.
Haradali, kabichi, kitunguu.
Ukitaka sosi ya nyanya, omba kwa sauti ndogo.

Saa nane za usiku wanaingia:
dereva wa katapila la theluji, vidole ganzi;
Nadège muuguzi, jina bado kifuani;
wakili aliyeachishwa kazi, tai mfukoni,
anahesabu sarafu kama anayesoma barua ya posa iliyokataliwa.
"Mbili," anasema.
Ghislaine anaweka tatu,
anageuka kufuta mashine ambayo ni safi.

Étienne, mwanawe, alikuja na daftari:
gesi imepanda, pango limepanda,
mama, ongeza hata senti hamsini.
Alimsikiliza. Akamwaga maji machafu.
"Simama hapa wiki moja,
kisha nionyeshe wa kumwongezea."

Hii ni wiki ya tatu.
Aproni ya babu inampwaya.
Jana kijana mmoja, masikio mekundu kwa baridi,
alisema, "Mbili,"
na Étienne akautazama mkono wake mwenyewe
ukiifuata ya tatu mvukeni.

Gesi bado imepanda.