Nyuzi za Zamu ya Usiku

Nilijifunza Mvumi, wodini, mguu ndani ya plasta,
nikiwa nimeyahesabu mabati yote ya dari mara mbili.
Mama wa kijana wa kitanda cha pili akanihurumia,
akanipa ndoano ya kroshia na kibonge cha uzi mweupe:
"Shika hii, Ndahani. Macho yako yatatoboa paa."

Sasa nalinda Mtumba, jengo lisilo na milango bado.
Nalinda saruji, nondo, ngazi mbili za mbao.
Rungu limeegemea tofali.
Mkononi nimeshika ndoano.

Nyuzi zangu zilikuwa sweta.
Nazinunua Sabasaba, fungu la jioni, la kufungia biashara,
sweta za shule zilizokufa viwiko.
Nafumua kuanzia mkono,
uzi unatoka umejipinda, unakumbuka bega la mtu.
Naulowanisha, nautundika na jiwe
mpaka usahau.

Na usiku, rangi zote ni ndugu.
Tochi ya simu naibania chaji,
kwa hiyo nimezifunga nyuzi alama za vidole:
fundo moja, nyekundu, udongo wetu;
mawili, kijani;
matatu, njano ya mtama uliokomaa.
Buluu haina fundo. Mbingu ya Dodoma nani ataifunga?

Nafuma kwa kupapasa.
Ndiyo maana kitambaa changu kina milima:
nundu nundu za mawe,
nundu ndogo zilizobanana, zabibu za Hombolo,
mnyororo mrefu ulionyooka, reli,
na chini kabisa nyuzi zinaning'inia bila kazi,
mvua.

Mkopi wa geti la pili alicheka wiki nzima.
"Mwanamume mzima, vitambaa vya makochi!"
"Makochi yenyewe sina," nikamjibu.
Wiki ya tatu alikuja na kiti chake.
Ya nne akawa ananishikia kibonge,
anauachia uzi taratibu,
kama mtu anayemshusha mtoto kisimani kuchota.

Mwezi wa nane upepo wa huku hauna adabu.
Unaingia dirishani pasipo na dirisha,
unakuvua joto kama mdai.
Usiku mmoja vidole viliingia ganzi,
nikasoma mafundo mawili nikadhani moja.
Kulipokucha nikaona: udongo wote umeota kijani,
mstari mpana kama kiganja,
Agosti, Chamwino, kijani!
Nikaushika uzi niufumue.
Mkopi akanidaka mkono:
"Acha kwanza. Huenda imenyesha."

Nimeuacha.

Nyumbani Nkuhungu sebule ina ufa.
Ulikuja na tetemeko, saa nane za usiku, mimi nikiwa lindoni,
ukashuka kutoka linta hadi sakafuni bila kubisha hodi.
Yudita aliufunika kwa kalenda.
Mwaka ukaisha, kalenda ikabaki, Desemba ikawa haitoki.
Jumapili tukaing'oa.
Misumari ya zege minne, fito ya mkole,
kitambaa kikashuka juu ya ufa
na ufa ukachungulia kidogo kwa chini, kati ya nyuzi za mvua,
kama mto uliokwishajua pa kwenda.
Jirani akauliza kinafanya kazi gani.
Yudita akasema, "Kinakaa."

Jana umeme ulikatika tukila.
Mbeleje, miaka minne, hakulia.
Akaenda ukutani kwa magoti, akapandisha kiganja,
tukamsikia gizani akisoma:
"Hapa mawe.
Hapa zabibu.
Hapa treni."
Akanyamaza, vidole vikarudi nyuma,
pale ambapo fumo limelegea, matundu yamepanuka,
mistari mitatu inayumba.
"Hapa baba alilala."

Ni kweli, nililala.
Msimwambie msimamizi.