Wino Mwekundu

Jina lake Baek Sun-hwa, somo fizikia,
lakini Kidato cha Pili B hawakungoja:
Mwalimu Beki.
Kabla ya kengele ya saa nne walikwisha kumuuliza
anacheza namba mbili au namba tano.
Akajibu, kwa Kiswahili cha kitabuni,
"Mimi ni namba moja kwa dada zangu."
Darasa likaanguka.

Siku hiyohiyo alimuuliza mkuu wa shule umri wake.
Ofisi nzima tukatazama dari.
Kwao, alieleza baadaye, huwezi kuchagua maneno
kabla hujajua nani alitangulia kuzaliwa;
kitenzi chenyewe kinapiga magoti.
Mkuu, mzaliwa wa Urambo, akakohoa,
akataja miaka yake,
akapunguza miwili.

Nikapewa kazi ya kumfundisha salamu.
"Habari za nyumbani?"
"Maji yamekatika tangu Jumanne.
Panya amekula sabuni.
Mama amepiga simu, amelia kidogo."
"Hapana, Beki. Sema nzuri."
"Hata panya?"
"Hata panya."
Akaandika daftarini, akapiga mstari chini yake.

Naye alikuwa na salamu ya kwao.
Jioni, akipita uchochoroni Isevya,
alimkuta Mama Nyanzala anachambua mchicha.
"Mama, umekula?"
"Bado, mwanangu," akasema mama, akafuta mikono,
akavuta kigoda, akangoja chakula.
Beki naye akasimama, hajui anangoja nini.
Giza likawakuta hivyo, wanangojana,
hadi mjukuu akatoka na sahani ya matobolwa.
Beki akatafuna. Akanyamaza.
Akasema bibi yake hukausha viazi hivihivi,
juu ya bati, mwezi wa kumi na moja,
na kunguru huiba vilevile.

Ya ile ndoo ya kabichi sisemi sana:
pilipili, tangawizi, dagaa wa Kigoma,
jua la Tabora la Oktoba.
Siku ya tatu mfuniko uliruka saa sita mchana,
na Kasanda mlinzi akaja mbio na rungu.
Sasa anaila kwa ugali. Anaiita dawa.

Nimezunguka. Nilitaka kusema la wino.

Mwezi wa Mei niliandika ratiba ya zamu
kwa kalamu iliyokuwa mkononi, ile ya kusahihishia.
Akasimama mbele ya ubao wa matangazo,
mikono yote miwili imeshika kikombe.
"Mwalimu Lugendo," akasema taratibu,
"nani amekuambia nimekufa?"
Kwao jina la aliye hai haliandikwi kwa nyekundu.
Nikacheka. Nikamwambia hapa nyekundu ni ya mwalimu,
ni rangi ya kazi tu.

Usiku nikafungua daftari la mahudhurio.
Kumi na moja. Kwa mwandiko wangu mzuri.
Waliohama, watoro, aliyeolewa Februari,
na Milembe Ngassa, wa mbele kabisa dirishani,
aliyekuwa akimaliza hesabu kabla sijafuta ubao:
*mtoro*, nyekundu, mistari miwili,
kisha nikawa nimefunga kalamu, nimekunywa chai.

Jumamosi tulipanda basi la Sikonge, mimi na Beki.
Baba yake alitupokea vizuri, akatupa asali.
Milembe alitoka kwenye bani la tumbaku,
macho mekundu kwa moshi,
akampa Beki mkono wa kulia,
wa kushoto umeshika kiwiko.
Beki akafanya vilevile, hivyohivyo, kiwiko kwa kiwiko,
na kwa mara ya kwanza nikaona
hakuna aliyemfundisha mwenzake.
"Tumbaku ikiisha," alisema baba.

Tumbaku haijaisha.
Beki aliondoka Desemba, ndoo akamwachia Kasanda.
Juzi mkaguzi kapekua daftari langu,
kauliza kwa nini watoro wameandikwa kwa buluu,
tena jina moja kila mwezi, upya, bila alama.
Nimemwambia nyekundu imekwisha dukani.
Habari za kazi, akauliza.
Nzuri, nikasema.
Hata panya.