Ukingo wa Kulia

Picha ilikuwa na watu watatu, ukimhesabu mnyama.
Kushoto Rosalba Antinao, mgombea umeya,
mkono juu, mdomo wazi, mshipa wa shingo umesimama.
Kulia, kwenye ngazi za soko la samaki la Valdivia,
mtoto mwenye koti la njano
na simba-bahari mzito kama gari dogo
aliyekwisha kuamua kwamba mtoto amekalia nafasi yake.

"Rudi nyuma!" Rosalba alipaza sauti.
Mtoto akarudi. Yakaisha.

Saa nne usiku mhariri akasema nafasi ni safu mbili tu,
na mwenye mkasi ni mimi.
Nikakata ukingo wa kulia.
Akaenda mnyama, akaenda mtoto, ikaenda njano,
akabaki mwanamke na kidole chake, akiifokea hewa.

Chini yake nikaandika: "Antinao afoka sokoni."
Sikusema uongo. Nipelekeni mahakamani, nitashinda.

Bwana Wachtler, siku hiyohiyo,
alimjibu muuza kome mpaka yule mama akafunika meza yake.
Sisi tulikuwa na picha yake dirishani,
mwanga wa mvua ukimlainisha mashavu,
kikombe mkononi. Safu nne.
Yeye "alieleza". Yeye "alisisitiza".
Rosalba "alidai".
Vitenzi vyote hivi vimo kwenye kamusi, havina chama,
lakini ukivipanga usiku, kahawa imepoa,
hujua vyenyewe vitalala kwa nani.

Hakuna aliyenituma. Hilo ndilo ningependa mjue.
Hapakuwa na bahasha, wala simu kutoka juu.
Palikuwa na nafasi ndogo, na uso mmoja
uliofanana na yale tuliyokwisha kuyaandika Jumanne.

Asubuhi mama yangu alilitandaza gazeti mezani,
akavaa miwani, akaivua, akaivaa.
Mwaka juzi jino lilimtesa siku tisa.
Zahanati ya Las Ánimas, muuguzi alimshika mkono
mpaka ganzi ikakolea, akimsimulia habari za kuku wake,
na mama akarudi nyumbani akicheka upande mmoja wa mdomo.
Muuguzi huyo ni Rosalba.

"Kumbe ni mkali hivi," mama akasema.
"Nami nilidhani namjua."

Nikanyamaza kama mtu mwenye chakula mdomoni.

Juma zima ilinyesha. Kwetu viatu vilivyolowa
hushindiliwa magazeti, vikawekwa kando ya jiko.
Jumapili ya kura nilichomoa karatasi kwenye kiatu cha kulia:
mkono uleule, mdomo uleule, wino umechujuka.
Nikaikunjua gotini, nikainyoosha kwa kiganja,
nikaitafuta njano pembeni
kama mtu anayetafuta kidole alichojikata mwenyewe.

Kiatu kilikuwa bado kibichi.
Nikakivaa hivyohivyo, tukatoka kwenda kupiga kura,
mama ameng'ang'ania mkono wangu,
akiniuliza, njia nzima,
jina la yule bwana mwenye kikombe.