Daftari la Yaliyokataa

Karakana ya Ezaru, Arua, nyuma ya soko,
haina kibao. Ina daftari la hesabu,
kurasa tisini na sita, jalada limelowa grisi.
Humo haandiki yaliyofaulu.
"Yaliyofaulu yanajisemea," huniambia.
"Yaliyokataa ndiyo mabubu."

Nilikuja kwake nikijua kila kitu.
Nilikuwa na cheti, tena chenye muhuri.
Akaniwekea mashine ya kubangua karanga,
chuma kwa chuma, inayotema unga na mapepe.
"Ina nini?"
"Imechakaa."
"Hilo ni jina. Mimi nimeuliza ina nini."

Siku hiyo sikushika spana.
Aliniketisha juu ya debe nihesabu:
katika karanga mia, zimepasuka ngapi?
Sitini na mbili. Andika.
Zungusha polepole. Hamsini. Andika.
Loweka kidogo kwanza. Sabini!
Andika, hata kama hupendi.

Jioni akafunga mlango, akaenda kwa mamake, Onduparaka.
Alikwenda kupumzika, au kutafuta, sijui;
kwake mambo hayo mawili hulala kitanda kimoja.
Mama alikuwa akibangua za mboga kwa viganja,
anasugua, anapuliza, maganda yanaruka,
punje zinabaki nzima, nyekundu, kama zimezaliwa.
Ezaru akaudaka ule mkono, akaubonyeza
kama mtu anayepima parachichi.
"Mama, kiganja chako ni laini wapi, kigumu wapi?"
"Candiru, mpelekeni huyu zahanati."

Asubuhi tulikata tairi kuukuu la bodaboda,
tukaivika rola ya ndani mpira.
Karanga mia. Zilizopasuka: kumi na moja.
Mimi nikarusha kofia hadi kwenye mabati.
Yeye akafungua ukurasa mpya:
*Kumi na moja. Kwa nini?*

Nilimchukia, kweli, kwa swali lile.
Ushindi wangu haukupewa hata chai.

Lakini usiku, taa imezimwa,
nilijikuta nimetandaza vidole gizani
nikisugua hewa,
nikijiuliza kama zile kumi na moja
zilikuwa nene kuliko wenzake, au kavu zaidi,
au ziliingia ubavu.
Kesho yake nilifika kabla ya jogoo wa jirani,
na sikungoja kuambiwa andika.

Cheti changu?
Kimo humo humo, ukurasa wa arobaini.
Kinatusaidia kujua tulipoishia.