Viatu vya Mzee Mlekwa

Kazi yangu ni mabango. Isevya nzima inanisoma:
KINYOZI. MASHINE YA KUSAGA. USIKOJOE HAPA.
Uso wa mtu sikuwahi kulipwa kuuchora
mpaka wana wa Mlekwa walipotuma gari.

Walikuwa wanafungua hoteli, ghorofa tatu, jirani na stesheni,
na ukuta wa mapokezi ulikuwa mtupu kama kipara.
"Tunamtaka Baba," alisema Sospeta, mkubwa wao.
"Kutoka dari hadi kwenye makochi.
Anayeingia amkute Baba kabla hajamkuta karani."

Sura ilikuwa moja tu duniani:
picha ya kadi ya ushirika wa wafuga nyuki,
ukubwa wa kidole gumba,
mchwa wamekula sikio na nusu ya shingo.
Hilo halikuwasumbua. Walikuja na orodha.

Avae suti. Ya kijivu; nyeusi ni ya maziko.
Saa ya mfukoni, mnyororo uonekane.
Ashike kitabu. (Kitabu gani? Chochote. Kinene.)
Nyuma yake dirisha, na dirishani treni,
isiwe inaondoka, iwe inafika.
Kovu la begani, pale gunia lilipomla
miaka kumi na tisa ya kupakia nta ya wengine behewani,
suti italimaliza.
Na lile jicho walilomvimbisha nyuki ujanani
likabaki dogo mpaka kaburini:
"Mpe macho."
"Anayo."
"Mpe yanayolingana."

Remijio, kitinda mimba, alitoka, kisha akarudi mlangoni:
"Na viatu. Ving'ae."

Siku arobaini. Kila jioni walikuja na harufu ya tumbaku mbichi
wakasimama nyuma ya bega langu.
"Alikuwa mweusi hivi?"
"Kadi yenyewe haina rangi," nikasema.
"Basi sisi ndio tunaojua."
Kila nilipoongeza mkono wa rangi
mzee aliihama kadi, akawasogelea wao,
hata asubuhi moja nikagundua
nachora kidevu cha Sospeta.
Mchana akaja mwenyewe, akakitazama, akajishika chake:
"Ona! Damu haipotei."

Siku ya ufunguzi padri alinyunyiza maji,
meneja wa benki akapigwa picha chini ya ule mnyororo,
wajukuu wakapangwa kwa kimo,
na mmoja, wa miaka sita, bila kufundishwa,
akaingiza kidole gumba kwenye mfuko wa koti
kama babu yake asiyewahi kuwa na koti.

Bibi Kalunde alikuja watu walipokwisha kuondoka.
Nilikuwa juu ya ngazi, nagusagusa fremu ya mninga.
Akaketi kwenye kochi. Akatazama muda mrefu,
kama mtu anayetazama jina lake lililoandikwa vibaya.

"Hivyo viatu," akasema,
"ulivichora juu ya miguu,
au miguu hukuchora?"

Nikashuka. Nikamweleza: Bibi, kiatu hakisimami bila mguu.
Nilianza na mguu mtupu, vidole, kisigino,
ndipo nikamwaga nyeusi juu yake.

"Na nyufa?"

"Na nyufa."

Akainama kwa taabu, akakigusa kiatu cha kushoto
mahali ambapo rangi ilikuwa haijakauka.
Kidole kikatoka cheusi. Akakifuta kwenye pindo la kanga.
"Basi yumo," akasema, akaomba asaidiwe kunyanyuka.

Sikumwambia lililobaki.
Miguu ya Mlekwa mimi sikupata kuiona.
Niliazima ya baba yangu,
aliyebeba nta ileile, stesheni ileile,
na hana picha popote, hata ya kidole gumba.

Nusu ya ujira wangu naidai mpaka leo.
Nikienda, karani huniambia ningoje wakubwa.
Nami hungoja, siku nyingine hadi taa ziwashwe,
pale kwenye kochi,
chini ya miguu ya baba.